Malalamiko ya Dobi Juu ya Rangi Zisizodhuru

Kwa Mwalimu wa Kazi za Mikono,
Darasa la mwisho, karibu na bomba.

Mwalimu Mheshimiwa,

Amani ya Mungu iwe nawe na wote wa nyumbani mwako, na kama kuna anayeumwa, Bwana amwinue. Sisi huku wazima, ila tuna rangi.

Mimi ni dobi. Kibanda changu kipo nyuma ya shule yako, pale penye kamba nne za kuanikia na pipa la maji. Wewe mwenyewe ulishaniletea mapazia ya ofisi ya mwalimu mkuu, nikayarudisha yamenyooka hata mlinzi akadhani ni mapya. Mtaani wananiita Theluji kwa sababu ya mashuka yangu. Ni baba wa yule msichana wa miaka tisa ambaye wenzake wanamwita Karani, maana hawezi kukaa na kitu bila kukiandika jina. Ndiye kitindamimba wetu. Watatu waliomtangulia wameshaanza maisha yao huko mbali. Tumebaki yeye, mama yake, bibi yake na mimi.

Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo ukikutana na kosa humu ndani, lisugue polepole tu, litatoka. Jambo hili nimeliombea kabla ya kushika kalamu. Hata kufunga nilifunga, tangu alfajiri mpaka saa nne asubuhi, mke wangu alipoleta viazi.

Nakuandikia kukuomba, kwa heshima zote na bila kinyongo, umwondoe binti yangu katika klabu yako ya Alhamisi, ile ya kuwafundisha watoto kutia rangi vitambaa na nyuzi kwa vitu vya jikoni. Najua mzazi mwingine angekuja anafoka kwamba mtoto ameungua, au ameingiwa na dawa machoni. Mimi sina la namna hiyo. Mtoto wangu anarudi mzima, amenawa mikono, amekunja aproni yake kwapani. Malalamiko yangu ni mazito kuliko hayo, nayo ni haya:

1. Chai yangu.

Siku ya kwanza tu ya klabu, Karani alirudi na karatasi yenye kichwa cha habari "Kanuni Nane za Meza ya Rangi", akaibandika ukutani kwangu kwa wanga wangu mwenyewe. Kanuni ya pili inasema hakuna kula wala kunywa mezani penye rangi au dawa. Niliisoma nikasema vizuri sana, watoto wafundishwe. Sikujua kwamba nilikuwa naisoma hukumu yangu. Kesho yake kikombe changu cha chai hakikuwapo pembeni ya beseni la dawa ya madoa, mahali kilipokaa miaka ishirini na sita. Kilikuwa nje, juu ya kigoda, kimefunikwa kwa sahani. Nikamwuliza binti yangu hii maana yake nini. Akasema, "Baba, kanuni haichagui mtu."

Tangu siku hiyo nanywa chai kizingitini kwangu kama mgeni ambaye hajulikani alikotoka. Fundi viatu wa upande wa pili ananiona kila siku, na kila siku anaanza upya: "Theluji, leo tena mama watoto kakufungia nje?" Nilipomwambia si mama watoto, ni mtoto wa darasa la tatu, alicheka mpaka akajigonga nyundo kidoleni. Hapo nilifarijika kidogo, Mungu anisamehe.

2. Chupa.

Dawa yangu kali ya kutoa madoa naiweka kwenye chupa za soda. Kila dobi ninayemfahamu anafanya hivyo. Naijua kwa harufu, kwa uzito, na kwa mahali ninapoiweka. Lakini kanuni ya nne inasema kila chupa iwe na jina lake, na kisichonyweka kisikae kamwe katika chupa ya kinywaji. Karani akafanya ukaguzi. Alizikuta chupa sita. Akaniamuru nihamishie dawa kwenye madumu, mimi nikimimina, yeye akisimama mlangoni ameziba pua, kwa sababu kanuni ya tano inataka mtu mzima ndiye ashike vitu vya hatari na vya moto. Kisha akaandika juu ya kila dumu DAWA, SI SODA, na chini yake akachora uso uliofumba macho na kutoa ulimi. Uso ule unafanana na mimi. Sisemi kwamba alikusudia.

Nilitegemea angalau mteja mmoja aseme mtoto amevuka mpaka. Nesi anayeleta sare zake kila Jumatatu aliyatazama yale madumu kwa muda, halafu akaniambia, "Baba, huyu mtoto mshike vizuri." Akanisimulia habari za watoto wadogo wanaokimbizwa zahanati baada ya kunywa kilichokuwa kwenye chupa ya soda. Sitazirudia hapa. Siku ile nilishindwa kumaliza chakula. Kwa hiyo naomba hilo nalo liandikwe: umeniharibia hamu ya kula.

3. Glavu.

Kanuni ya saba. Karani alizipata kwa bibi yake: za mpira, za rangi ya waridi, zinafika kwenye kiwiko. Mwalimu, vidole vyangu vimepasukapasuka tangu nikiwa kijana. Ndivyo kazi ilivyo. Nikifungua kitabu cha nyimbo kanisani naacha doa dogo la damu kwenye ukingo wa ukurasa, na anayekishika baada yangu anajua ni beti zipi niliimba na zipi niliruka. Sikuwahi kumlalamikia mtu. Sasa vidole vimeanza kufunga, tena vinalainika. Mke wangu juzi alinishika mkono akasema, "Mbona umekuwa kama wa mchumba?" Mtu wa miaka hamsini na mbili ajibu nini hapo?

Lakini lililonikera zaidi ni la mchungaji. Alipita kunisalimu, nikampa mkono nikiwa nimesahau kwamba nimevaa zile glavu. Aliupokea, akautikisa kwa upendo, na povu likamwingia ndani ya mkono wa koti mpaka kwapani. Akaniaga kwa mkono wa pili. Ila Jumapili alihubiri juu ya mikono safi, na macho yake yote yalikuwa kwangu.

4. Maganda ya vitunguu.

Uliwaambia watoto kwamba maganda makavu ya vitunguu yakichemshwa hutoa rangi ya dhahabu, na kwamba hayana sumu hata chembe. Mwanzo tulikula vitunguu asubuhi, mchana na jioni ili maganda yapatikane. Yalipokuwa hayatoshi, Karani alichukua mfuko akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Ana adabu mtoto huyu, sikatai. Anabisha hodi, anaamkia, kisha anasema, "Samahani, mna maganda ya vitunguu? Mimi ni mtoto wa dobi."

Haikupita wiki, habari zikaenea kwamba dobi amefilisika na watoto wake wanachemsha maganda. Siku moja nipo katikati ya mashuka ya nyumba ya wageni, nimelowa mpaka kiunoni, nikasikia wimbo wa taratibu unakuja. Akina mama wa kanisa. Saba. Wana kapu lenye unga, maharage na mafuta. Walinizunguka pale kwenye pipa wakaniombea kazi yangu iinuke tena. Nikajaribu kueleza kwamba ni kwa ajili ya nyuzi, ni mambo ya shule, kwamba tunakula vizuri tu. Mmoja akanishika bega: "Usione haya, baba. Sote tumepita huko." Mke wangu akasema kukataa zawadi ya waumini ni kiburi, na mimi kiburi nimeshakitubu mara nyingi, sikutaka kurudia. Tukapokea. Chini ya maharage kulikuwa na vitunguu. Karani alipiga makofi.

5. Mama mkwe wangu.

Kwa miaka kumi na minne mama mkwe ameishi kwangu, na kwa miaka kumi na minne tumegombana kila siku baada ya chakula cha mchana, kwa heshima, kuhusu mlango: yeye anataka ufungwe, mimi nataka uwe wazi. Sasa hana nafasi. Anafuma, na uzi wake wote mweupe amemkabidhi mjukuu wake. Wanakaa wawili wanachovya vitita vya uzi ndani ya chai iliyokolea, kwenye maji ya bitiruti, wakibishana iongezwe siki au iachwe. Wiki tatu hajaniambia chochote kuhusu mlango. Juzi niliufungua wote, nikasimama hapo kwa makusudi. Akasema, "Vizuri, hewa iingie. Kanuni ya sita." Mwalimu, mtu akizoea kugombana na mama mkwe wake, usimnyang'anye ghafla. Anayumba.

Amenifumia kofia. Ina kahawia ya chai, ina dhahabu ya vitunguu, na waridi ya bitiruti ambayo imeshaanza kupauka. Nimeamriwa niivae.

6. Shati. Hili lilipaswa kuwa la kwanza, ila nilikuwa najipa moyo.

Kanuni ya nane inasema usichovye kitambaa cha mtu bila kumwomba ruhusa. Karani aliniomba. Alikuja nikiwa kwenye pasi, ameshika daftari, akasema, "Baba, lile shati lako jeupe la mikono mirefu, lenye kola iliyochoka, naweza kulitumia klabu?" Nikamjibu tumia, nikidhani ni la kufutia meza. Sikutafakari kwamba katika mashati yangu yote, lenye kola iliyochoka ndilo la Jumapili, maana ndilo linalovaliwa na kufuliwa kuliko yote. Jibu langu aliliandika daftarini, na saa yake.

Shati lilirudi limefungwa vimipira kila mahali kama kitu kilichoumwa na nyuki. Lilikuwa limechemshwa kwenye manjano, bizari ile ya jikoni. Tulipofungua vile vimipira, kumbe ni duara. Duara kubwa kifuani, ndogondogo mgongoni, njano tupu, kama mtu aliyemwagikiwa na mayai. Kazi ilikuwa safi, nitasema ukweli kwa kuwa Mungu anaona: kingo za duara zilikuwa kali kama zimechorwa. Lakini ilikuwa Alhamisi, na Jumapili ilikuwa zamu yangu ya kusoma matangazo mbele ya watu.

Nikajiambia, mimi si dobi? Wino nimeutoa. Kutu nimeitoa. Grisi ya gari, divai, majani, damu ya mchinja nyama. Bizari ndiyo inishinde? Jumamosi nikachukua maji ya moto, sabuni ya kipande, na konzi nzima ya magadi. Nikatumbukiza, nikasugua.

Mwalimu, zile duara ziligeuka nyekundu. Mbele ya macho yangu. Nyekundu ya kidonda. Nililitaja jina la Bwana kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hata kwenye mkesha. Mke wangu alikuja mbio akijua nimejikata. Mama mkwe akaanzisha wimbo wa kuaga marehemu. Fundi viatu akasimama na kiatu cha mtu mkononi. Karani ndiye alikuja wa mwisho, kwa mwendo wa mtumishi wa serikali aliyeitwa kabla ya saa zake.

"Baba, umetia sabuni?"

Nikasema nimetia.

"Na magadi?"

Nikausogeza mfuko wa magadi nyuma kwa mguu.

"Manjano na sabuni haviivi chungu kimoja, Baba. Ngoja nilete siki."

Akaleta. Akamimina kifuniko kimoja, cha pili, cha tatu, na ule wekundu ukarudi kuwa njano taratibu, kama mtoto aliyekuwa analia akapewa titi. Kisha akaniambia nisihangaike, jua ndilo litaipausha manjano kidogokidogo, siku nyingi, kinachotakiwa ni subira. Subira! Mimi! Nimefundishwa kazi yangu na mtu ambaye viatu vyake mwenyewe bado anavivaa kushoto kulia.

Jumapili nilisoma matangazo nimefunga koti mpaka kooni. Tangazo la tatu lilikuwa la harusi, na ukoo ulikuwa mrefu. Joto likanizidi, nikavua. Shingo zote zikanyooka. Kisha watoto wa benchi la mbele wakaanza kupiga makofi. Tangu siku ile watu wanne wamenijia kuuliza shati lile nimelipata wapi. Katika miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kuniuliza chochote kuhusu shuka.

7. Bluu. Hili limenigusa rohoni.

Wewe ni mwalimu, utaelewa. Kitambaa cheupe kikifuliwa sana huingia umanjano wa uzee. Dobi anayejua kazi, katika suuzo la mwisho, hutia bluu ya kufulia kidogo, kiasi cha ncha ya kijiko, na kitambaa kinang'aa. Ndiyo siri ya jina langu. Karani ameniona nikitia bluu tangu anatambaa. Sasa, baada ya klabu yako, akasimama akaniuliza, "Baba, hiyo si rangi?" Nikasema hii ni bluu. "Bluu si rangi?" Nikamwambia bluu ya kufulia ni jambo jingine. Akasema sawa, tupime.

Alikata vipande viwili kutoka shuka moja kuukuu. Kimoja akakisuuza kwa maji matupu, kingine kwa maji yenye bluu. Akavianika pamoja, akawaita mashahidi: bibi yake, mama yake na fundi viatu. Wote watatu walisema chenye bluu ndicho cheupe zaidi. Mimi mwenyewe, nilipolazimishwa kusema kweli, nilisema hivyo hivyo. Fundi viatu akashika kiuno. "Kumbe weupe wako ni wa kupaka, Theluji!" Tangu hapo ananiita Samawati, na wateja wawili wameshaanza kumwiga.

Nimewahi kusimama kanisani nikashuhudia kwamba kazi yangu ni kuondoa, kwamba mimi siongezi kitu juu ya nguo ya mtu, naondoa tu. Watu walilia. Sasa nisimame tena niseme ule ushuhuda ulikuwa na bluu ndani yake?

8. Dirisha lako.

Baada ya hayo yote nilisema haiwezekani, lazima kuna kosa mahali. Alhamisi mbili zilizopita nilikuja shuleni na pazia begani ili mlinzi asiniulize, nikasimama nje ya dirisha la darasa lako, nyuma ya ule mti wa maua. Nilisimama dakika arobaini. Nisamehe. Nilikuwa natafuta hatari.

Nikaona madirisha yote yako wazi. Watoto wamevaa aproni, mikono mirefu. Mpishi wa shule peke yake ndiye alikuwa karibu na jiko, na sufuria ina utepe mwekundu ulioandikwa SI YA CHAKULA. Maji yalipotolewa motoni hukuruhusu mtoto kusogea mpaka ulipoingiza kiwiko chako kuyapima, kama mama anayetaka kuogesha kichanga. Watoto wakachovya nyuzi kwa vijiti, mmoja mmoja. Mvulana mmoja alitaka kulamba maji ya bitiruti, na watoto wasiopungua kumi wakamwambia kwa pamoja, "Kanuni ya pili!" Hata tone moja halikuruka.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Mwalimu, umetuacha wapi sisi wazazi? Mimi nilikuzwa kwa katazo. Usiguse, utaungua. Usinuse, utapofuka. Katazo lilikuwa na sababu, na mzazi alikuwa na kazi. Sasa nikimwambia huyu mtoto acha, utaungua, ataniuliza kwa moto upi. Nikimwambia ina sumu, yeye anayo orodha. Na katika nyumba yangu yote, kitu pekee chenye sumu, chenye moshi wa kuumiza kifua, kinachochubua ngozi, ni kazi ya baba yake. Hilo hajalisema. Lakini nimemwona akihesabu nikikohoa.

9. La mwisho. Nilikusudia kulificha.

Kabla ya klabu yako, Karani akitoka shule alikuja moja kwa moja kibandani. Anapanda kwenye mwisho wa meza ya pasi, nampa kapu la leso, anakunja huku ananisimulia: nani kachapwa, nani kadanganya, nani kaanguka na uji. Mimi napiga pasi, nasema eti kweli? Ndiyo mazungumzo yetu yote, na ndiyo saa yangu nzuri kuliko saa zote. Wakubwa zake wote walikaa kwenye meza ile. Wa kwanza alishuka akiwa na miaka kumi na miwili kwa ajili ya marafiki. Wa pili, vitabu. Wa tatu, simu. Nilishapiga hesabu kwamba na huyu nimebakiwa na miaka mitatu. Wewe ukachukua Alhamisi. Halafu Jumanne ikaenda kwenye maganda, na Jumatano kwa bibi yake na nyuzi. Sikuombei mabaya, wewe ni kama binti yangu mkubwa. Lakini mtu aliyejipangia miaka mitatu, akaona imekwisha ndani ya miezi mitatu, nadhani ana haki ya kuandika barua.

Kwa hiyo maombi yangu ni haya. Kwanza, umwondoe Karani katika klabu kuanzia Alhamisi ijayo. Pili, umpe sababu wewe, isitoke kwangu. Nilifikiria kukuomba umwambie hana kipaji, lakini huo ni uongo na mimi ni mzee wa kanisa, tena lile shati watu wameshaliona. Tatu, kama kumwondoa haiwezekani, basi angalau ongezeni hatari. Si kubwa. Kopo moja lenye picha ya fuvu, likae juu kabatini, lisifunguliwe na mtu, ili mzazi apate pa kuanzia.

Niishie hapa, maji yangu yanachemka. Nisalimie mwalimu mkuu, mwambie yale mapazia yakishika vumbi ayalete. Nisalimie mlinzi, mwambie lile pazia nililobeba siku ile lilikuwa la kwangu. Nisalimie yule mvulana wa bitiruti, mpe pole. Mke wangu anakusalimu sana na anasema usijali. Mama mkwe anakusalimu na anauliza kama kabichi ya zambarau inashika kwenye uzi wa sufu au inadanganya tu. Wote mliomo shuleni, wakubwa kwa wadogo, Mungu awatunze.

Ni mimi, nikuheshimuye mbele za Bwana na mbele ya beseni,

Dobi wa nyuma ya shule
(Theluji; kwa fundi viatu, Samawati)

Nyongeza: Leo ni Alhamisi, na barua hii nimeiandika nikijua Karani yuko kwako mpaka saa tisa na nusu. Nilikuwa natafuta bahasha alipoingia, saa nane na robo. Akasema klabu imefungwa. Eti mpishi wa shule amehamishwa, hakuna mtu mzima mwingine wa kushika sufuria ya moto, na wewe huwezi kushika sufuria na kuangalia watoto ishirini kwa wakati mmoja, kwa hiyo umekataa kuwasha jiko. Umefanya sawasawa. Kanuni haichagui mtu.

Nimekuwa nikiomba tangu nikiwa kijana, Mwalimu, na sijawahi kujibiwa kabla sijabandika bahasha. Hakulia. Alipanda kwenye meza ya pasi bila kuambiwa, akakunja leso zote, pembe kwa pembe, na hakunisimulia chochote. Nikamwuliza nani kachapwa leo. Akasema, "Hakuna, Baba." Nikamwuliza nani kaanguka. Akasema hakuna. Sijawahi kuona leso zilizokunjwa vizuri namna ile, na sitaki kuziona tena.

Mimi sufuria ya moto nimeishika miaka ishirini na sita na sijamwagia mtu hata tone. Alhamisi ijayo nitafunga kibanda saa saba na nusu. Saa nane kasorobo nitakuwa mlangoni kwako, mikono mirefu, bila chai. Kama kuna fomu ya kujaza kwa mtu mzima wa jikoni, mpe Karani ailete, ataijaza yeye, mimi nitatia saini. Asijue kwamba niliandika mengine.

Na kama ulikuwa hujaanza kuisoma barua hii, tafadhali anzia hapa kwenye nyongeza, na uishie hapa hapa.